Agizo Namba 31: Hakuna Mstari Utakaorukwa

Kuanzia Jumatatu, tarehe tatu Februari, saa mbili na nusu asubuhi, Ofisi ya Ukaguzi wa Shule ya Mkoa wa Sarmina imeacha rasmi kufikiri kwa mkono.

Nilikuwepo. Mimi, Valeriu Dragomirescu, Naibu Mkuu wa Kitengo cha Majedwali na Majalada, ndiye niliyeshika sahani yenye mkasi. Utepe wa rangi tatu ulikuwa umezungushwa kwenye kompyuta mpya, na Mkurugenzi Octavian Pleșoianu aliukata kwa pigo moja la uhakika, pamoja na waya wa kipanya. Enzi mpya ikachelewa kwa dakika arobaini. Hilo si kosa. Enzi zote kubwa huchelewa.

Ni haki msomaji ajue tulikotoka. Kwa miaka kumi na saba, mambo yote ya shule zetu themanini na sita yaliendeshwa kwa jedwali moja la kompyuta lenye rangi. Kijani ilikuwa shule ambayo mwalimu mkuu wake ni ndugu wa mtu wa ofisini. Njano, ni ndugu wa mtu lakini hawasalimiani. Nyeupe ilikuwa shule isiyo na ndugu. Shule za kijani zilipata kuni mapema, za njano zilipata kuni mbichi, na za nyeupe zilipata barua ya kuzitia moyo. Mfumo huu haukuwahi kuleta malalamiko kutoka shule za kijani.

Kisha wizara, kule mji mkuu Bukarest, wakaomba maelezo ya rangi.

Tulijibu kwamba rangi ni za mapambo. Wakatuletea waraka. Waraka ulisema shule yoyote yenye wanafunzi chini ya kumi ifungwe, na kwamba uamuzi huo usitolewe tena na mtu, kwa kuwa mtu ana shemeji. Uamuzi utolewe na programu, tena programu hiyo iandikwe ndani ya jedwali lenyewe, mbele ya macho ya wote. Faili litumwe Ijumaa, saa sita kamili mchana. Mashine ya Bukarest italisoma, na barua za kufunga zitatoka zenyewe. Mkono wa mtu usiguse jibu.

Lugha ya programu iliyoteuliwa ina jina la nyoka: Chatu. Bi Aurica, katibu muhtasi, aliposikia Chatu ataingia ofisini alipiga ukelele akapandisha miguu juu ya kiti. Tulimweleza kwamba huyu hana meno. Unaandika amri zako ndani ya kisanduku kimoja cha jedwali, palepale tulipokuwa tukiandika jumla, na kisanduku hicho kinasoma jedwali zima, kinapanga, kinachambua, kisha kinatema jibu. Bi Aurica alisema nyoka anayesoma ni mbaya zaidi.

Mtu pekee aliyejua kuongea na Chatu alikuwa Smaranda Hurmuz, binti wa miaka ishirini na sita mwenye shahada ya takwimu, ambaye kwa kutambua umuhimu wake tulimpa meza karibu na choo.

Smaranda aliandika amri zake kabla ya saa nne. Amri tano tu. Tulishangaa. Kitengo changu kina watu saba, na sisi jambo kama hilo lingetuchukua hadi Pasaka. Nilimkumbusha kwa upole kwamba maandishi yoyote ndani ya ofisi hii si maandishi mpaka yawe ndani ya jalada la reli: kadibodi nyeupe yenye ukanda wa bati ndani, unaopenya kwenye matundu ya karatasi na kuishika isitoroke. Bi Aurica akazipiga chapa amri za Smaranda, akazitoboa, akazitia kwenye reli. Na kwa kuwa ni mwanamke mwenye uzoefu, akazirudisha amri zote pambizoni, karatasini na ndani ya kisanduku pia, sawasawa kama askari.

Chatu akagoma.

"Nani ameondoa nafasi?" Smaranda aliuliza.

"Nafasi gani?" alisema Mkurugenzi.

"Zile nne tupu, mwanzoni mwa amri. Bila hizo Chatu hajui amri ipi iko chini ya ipi."

"Binti, karatasi ya serikali inaanzia pambizoni."

"Hii si karatasi."

"Kila kitu ni karatasi," alisema Mkurugenzi, na nikaandika maneno hayo kwenye daftari langu la nukuu. "Na hizo nafasi nne, nani aliziidhinisha? Mbona zina utupu? Kwa nini nne? Kwa nini siyo tatu?"

Iliundwa Kamati ya Nafasi Tupu, wajumbe watano, mimi nikiwa mwenyekiti. Tulikaa Jumatatu mchana na Jumanne kutwa. Tuliziidhinisha nafasi nne kwa muda, kwa sharti kwamba zisiongezeke.

Jumatano asubuhi alifika dirishani kwangu Mwalimu Filofteia Zgardan wa Valea Dudului, kijiji kilicho kilomita ishirini na tatu kutoka mjini. Shule yake ni nyeupe. Buti zake zilikuwa na theluji hadi kifundoni, na mkononi alikuwa na jalada.

"Bwana Valeriu, nimewaleta tena."

"Umewaleta akina nani, Mwalimu?"

"Watoto wawili. Karatasi zao, maana wenyewe nimewaacha darasani wanagombania kiti cha karibu na jiko."

Nililijua suala hilo vizuri. Nilikuwa nimelikataa mara mbili. Ni Ilinca, miaka saba, na kaka yake Tudorel, miaka tisa. Wazazi wao wanachuma matunda Italia, na watoto walirudishwa kwa bibi yao mwezi Novemba. Tangu siku hiyo wanakaa darasani, wanakohoa, wanasukumana na kupoteza glavu kama watoto halali, lakini kwa mujibu wa majalada walikuwa bado hawajaanza kuwepo. Mara ya kwanza jalada lao lilikuwa na kibanio cha plastiki. Mara ya pili reli ilikuwa ya bati, lakini kadibodi ilikuwa ya bluu.

"Leo ni nyeupe," alisema Mwalimu Filofteia, akilisukuma kwenye tundu la dirisha. "Na reli ni ya bati. Liguse. Ling'ate ukitaka."

Nililikagua. Lilikuwa jalada zuri. Niseme ukweli, lilikuwa jalada zuri kuliko mengi yaliyotoka mikononi mwangu mwenyewe.

"Limekamilika," nilisema. "Sasa linasubiri mhuri."

"Si uupige?"

"Mhuri uko kwenye droo. Mwenye ufunguo wa droo yuko likizo."

"Anarudi lini?"

"Jumatatu."

"Na mnafunga shule lini?"

"Ijumaa."

Alinitazama kama mtu anavyotazama gurudumu lililopasuka.

"Kwa hiyo nina watoto kumi na moja wanaovuta pumzi, nawe umeniandikia tisa."

"Siyo mimi, Mwalimu. Ni utaratibu."

"Huyo Utaratibu ana mama? Nipe jina la kijiji chake, niende nikaongee naye."

"Mwalimu, usinikasirikie."

"Nikukasirikie wewe? Wewe ni dirisha, Bwana Valeriu. Mtu hakasirikii dirisha." Alivua kofia ya sufu, akaikung'uta. "Nikuambie kitu kimoja. Ikifungwa, wadogo wangu wataamshwa saa kumi na moja alfajiri, wapakiwe kwenye basi dogo lile lisilo na joto, walete miguu yao hapa mjini ikiwa imekufa ganzi. Mmoja wao ana pumu. Wazee wawili wameniambia, Mwalimu, shule ikifa, tunawapeleka wajukuu Italia, na sisi tunabaki na mbwa. Unanielewa? Kijiji kinakwisha. Kwa sababu ya droo."

Nilimwambia nimemwelewa na kwamba maoni yake yatafikishwa ngazi husika. Aliacha chupa ya zacusca, rojo ya biringanya ya kupaka mkate, kwenye kizingiti cha dirisha akaondoka bila kuaga. Niliiandikisha kama kielelezo. Jioni nilikipitia kielelezo kwa mkate.

Kwa uaminifu lazima niongeze kwamba ngazi husika ilikuwa na maoni tayari. Jengo la shule ya Valea Dudului limekaa juu ya kilima, linatazama bustani ya miplamu, na Mkurugenzi alikuwa ameshaandaa ramani ya kuligeuza kuwa Kituo cha Tafakari ya Viongozi. Darasa la kwanza lingekuwa ukumbi wa tafakari. Darasa la pili lingekuwa chumba cha mvuke, kwa ajili ya tafakari nzito.

Alhamisi, saa tano, sote tulikusanyika kwa maonyesho. Smaranda aliangaza kisanduku chake ukutani, na amri tano zikaonekana kubwa kama mbuzi.

"Kwanza," alisema Mkurugenzi, "neno hili 'amri'. Katika ofisi hii anayetoa amri ni mmoja."

Ilikubaliwa kwamba kwenye kumbukumbu za kikao zitaitwa maombi. Hapa nitaendelea kuziita amri, kwa kuwa hati hii si kumbukumbu za kikao.

Smaranda alieleza. Kila taasisi ina mstari wake katika jedwali. Baadhi ya shule zina mstari wa pili chini yake, wa watoto wanaosubiri mhuri. Amri ya kwanza inamwambia Chatu asome jedwali lote. Ya pili inamwambia asome idadi ya wanafunzi, na kisanduku kitupu akihesabu kuwa sifuri. Ya tatu inamwambia aruke mstari namba sifuri. Ya nne inamwambia aruke mistari ya wanaosubiri mhuri. Ya tano inamwambia ajumlishe kilichobaki cha kila taasisi: chini ya kumi aandike INAFUNGWA, vinginevyo aandike INABAKI.

"Rudi kwenye ya tatu," alisema Mkurugenzi. "Mstari namba sifuri ni upi?"

"Ni wa kwanza, Bwana Mkurugenzi. Chatu huanza kuhesabu kwa sifuri."

"Wa kwanza ni sisi."

Alikuwa sahihi. Kila orodha inayotoka kwetu huanza na Ofisi ya Ukaguzi yenyewe. Ni itifaki. Sisi ni wa kwanza katika orodha ya shule, wa kwanza katika orodha ya visima, na mwaka juzi tulikuwa wa kwanza katika orodha ya watoto wenye chawa.

"Ndiyo, ni nyinyi," alisema Smaranda.

"Kwa hiyo sifuri ni sisi."

"Kwa Chatu, ndiyo."

Bi Aurica aliinuka akafunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu.

"Na hiyo amri inasema sisi tufanywe nini?"

"Mrukwe."

Mkurugenzi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akausoma ukuta upya kana kwamba huenda ukuta umejirudi.

"Binti. Nimekalia kiti hiki chini ya mawaziri kumi na wawili. Wengine walikuwa wezi, mmoja alikuwa chizi. Hakuna hata mmoja aliyeniruka."

"Siyo dharau, Bwana Mkurugenzi. Nimewaruka kwa sababu nyinyi si shule. Hamna wanafunzi. Mkiingia kwenye hesabu hii..."

"Hatuna wanafunzi? Watoto wote wa mkoa huu ni wanangu!"

"Basi niambie niandike wangapi kwenye mstari wenu. Hivi sasa pako patupu."

Mkurugenzi akanigeukia. Nilifungua mwongozo wetu wenyewe, ukurasa wa nne, nikamsomea kwamba mwanafunzi haruhusiwi kuhesabiwa mara mbili, na kwamba wote wameshahesabiwa shuleni kwao.

"Basi pabaki patupu," alisema Mkurugenzi. "Ukubwa haupimwi kwa namba."

"Patupu Chatu atapasoma sifuri."

"Na asome! Si umesema mwenyewe kwamba kwake sifuri ndiye wa kwanza?"

Ofisi nzima ilipiga makofi. Hata mimi, ambaye nimesikia hotuba zake zote, nilihisi hapo amejipita mwenyewe.

Smaranda hakupiga makofi. "Bwana Mkurugenzi, nakuomba unisikilize sekunde mbili. Ukiiondoa amri ya tatu..."

"Inaondoka. Valeriu, andika agizo."

Niliandika. Kuandika maagizo ndiyo karama yangu, na siku ile nilikuwa na upako. Agizo Namba 31 lilisema hivi: *Hakuna mstari wowote wa jedwali la Ofisi hii utakaorukwa, kwa sababu yoyote, na mtu yeyote, wala na programu yoyote, hata iwe na jina la mnyama.* Kipande cha mnyama nilikiongeza mwenyewe, ili kuziba mianya.

"Mstari wowote?" aliuliza Smaranda.

"Wowote," alisema Mkurugenzi.

"Liwe na saini na mhuri, basi. Sitaki kesho niambiwe nilijiamulia."

Mhuri ulikuwa kwenye droo. Lakini kwa kuwa hapa heshima ya taasisi ilikuwa imeguswa, droo ilifunguliwa kwa bisibisi. Ilichukua sekunde kumi.

"Kumbe inafunguka," alisema Smaranda.

Mchana huohuo aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi, akieleza kwa lugha nyepesi nini kitatokea Ijumaa ikiwa Agizo Namba 31 litatekelezwa. Barua ilikuwa ndani ya jalada jeupe, reli ya bati, hakuna kasoro. Mkurugenzi aliandika juu yake "Nimeona", akaipiga mhuri, akaniambia niihifadhi mahali ambapo hatutaiona tena.

Kisha nikakaa kando ya meza ya Smaranda kusimamia utekelezaji. Aliifuta amri ya tatu. Halafu akaifuta na ya nne.

"We dada, hiyo ya nne je?" nilisema. "Hukuambiwa."

"Inafanya nini, Bwana Valeriu?"

Nilisoma. "Inaruka mistari ya wanaosubiri mhuri."

"Na agizo linasemaje?"

Nililisoma agizo langu tena, polepole, kwa sauti. Wowote. Kwa sababu yoyote. Nilijaribu kutafuta upenyo nikakosa, na nilijaa fahari. Maisha yangu yote nimeandika maagizo yasiyofika hata mwisho wa korido, na hili moja lilikuwa limefika mpaka mahali ambapo mimi mwenyewe sikulituma.

"Futa," nilisema.

Ijumaa tulivaa tai. Palikuwa na sinia tatu za covrigi, mikate ya mviringo yenye ufuta, kahawa, na mpiga picha wa gazeti la mkoa, ambaye ni mpwa wa Mkurugenzi na alifika kwa hiari. Saa sita kasoro dakika moja Mkurugenzi alitamka kwamba Sarmina inaingia karne yake. Saa sita kamili alibonyeza kitufe, kwa kidole chake mwenyewe. Alikuwa amekataa msaada.

Chatu alisoma jedwali kwa muda ambao mtu anatumia kupiga chafya. Safu ya mwisho ikajaa: INABAKI, INABAKI, INAFUNGWA, INABAKI. Faili, pamoja na Agizo Namba 31, likaondoka kwenda Bukarest kwa mlio mdogo, kama glasi inayowekwa mezani.

Mkurugenzi hakuangalia kwingine. Alitelemka na safu moja kwa moja hadi mstari wa Valea Dudului.

"Inabaki," alisoma. "Inabaki vipi? Wanafunzi kumi na moja? Kumi na moja wametoka wapi?"

"Darasani," alisema Smaranda.

"Nilikuwa na tisa!"

"Wawili walikuwa kwenye mstari uliokuwa unarukwa. Umekataza."

Mkurugenzi alinitazama. Nilitazama covrigi. Wakati huo Bi Aurica, ambaye kwa heshima alikuwa ameanza kusoma jedwali kutoka juu, kama itifaki inavyotaka, alitoa sauti aliyoitoa Jumatatu alipopandisha miguu juu ya kiti.

Mstari wa kwanza ulisomeka: *Ofisi ya Ukaguzi wa Shule, Mkoa wa Sarmina. Wanafunzi: 0. INAFUNGWA.*

"Futa," alisema Mkurugenzi.

"Limeshaondoka."

"Lirudishe!"

"Jibu haliguswi na mkono wa mtu, Bwana Mkurugenzi. Nilikuandikia jana. Ulisema umeona."

Saa sita na dakika nne barua ilifika. Ilitushukuru kwa mchango wetu katika malezi ya watoto, ikatutaka tukabidhi ramani za dunia, chaki na vifaa vya mazoezi ya viungo. Mpiga picha aliuliza kama aendelee kupiga. Hakujibiwa, akaendelea.

Mkurugenzi aliipigia simu Bukarest akaiweka kwenye kipaza sauti ili sote tusikie. Nadhani alitaka tusikie namna anavyoogopwa.

"Hapa ni Mkurugenzi Octavian Pleșoianu!"

"Shule gani?" Ilikuwa sauti ya kijana anayetafuna kitu.

"Si shule! Ofisi ya Ukaguzi, Sarmina!"

"Ngoja nitazame... Sarmina, Sarmina... Ee, nimewaona. Mmefungwa, mzee. Poleni sana."

"Mnawezaje kufunga ofisi ya serikali? Mmerogwa?"

"Siyo sisi, mzee wangu. Ni jedwali lenu, mmelileta wenyewe. Na kuna agizo hapa limeambatishwa, lina saini yako. 'Hata iwe na jina la mnyama.' Hii aliiandika nani? Imezunguka ghorofa nzima huku, watu wanalia kwa kucheka."

Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Nataka kukata rufaa," alisema Mkurugenzi.

"Haki yako kabisa. Fomu inatiwa saini na wazazi watatu."

"Wazazi wa nani?"

"Wazazi. Wa taasisi iliyofungwa."

Mkurugenzi alifikiri. "Mama yangu yu hai," alisema.

"Mungu amtunze. Lakini ni wazazi wa wanafunzi, mzee, siyo wa wafanyakazi." Sauti ilimeza ilichokuwa ikitafuna. "Tena naona wafanyakazi na mali mnahamishiwa shule ya jirani yenye vyumba vitupu. Mfumo umeshawatafutia. Valea... Dudului. Pana miplamu, nasikia. Mtafurahi."

Hivyo ndivyo Ofisi ya Ukaguzi, watu arobaini na mmoja, ilivyohamia kilimani. Tunaamka saa kumi na moja alfajiri. Basi dogo linachukua watu kumi na wanane, kwa hiyo tunakwenda kwa mikupuo mitatu, na mkupuo wa kwanza unasubiri wa mwisho nje, kwa kuwa Mwalimu Filofteia hafungui mlango nusunusu na joto likatoka. Mkurugenzi yumo katika mkupuo wa kwanza. Ni itifaki.

Siku ya kwanza Mwalimu alitupokea kibaraza chake kikiwa kimefagiliwa theluji.

"Karibuni. Kung'uteni viatu. Kuni ziko nyuma ya nyumba, shoka liko ukutani, halihitaji mhuri."

"Mwalimu," alisema Mkurugenzi, "mimi na wewe tuelewane. Tumekuja kwa muda."

"Hata watoto wako hapa kwa muda, Bwana Octavian. Wanakaa miaka minne halafu wanaondoka wanajua kusoma. Ingieni. Kaeni nyuma, mbele wanakaa wenye shule."

Smaranda alipewa kiti kando ya jiko, yeye na kompyuta, akazungukwa na vichwa kumi na moja. Sisi tulikaa kwenye viti vya watoto wa miaka minane, magoti yakitugusa videvu. Reli za majalada yetu zilikuwa zimeganda, hazipindi.

Ndipo mtoto mmoja akaja nyuma kututazama. Alikuwa na misuko miwili na glavu moja. Nilimtambua kwa picha iliyokuwa kwenye jalada lake: Ilinca, aliyeanza kuwepo rasmi Ijumaa ile, saa sita mchana. Alitupitia mmoja mmoja, akasimama mbele ya mwenye tai nene kuliko wote.

"Wewe nani?"

"Mimi ni Mkurugenzi," alisema Mkurugenzi.

"Wa nini?"

Mkurugenzi akanigeukia mimi, kama alivyofanya kwa miaka kumi na saba kila jambo lilipokuwa zito.

Niliinuka, kadiri kiti kile kilivyoniruhusu. Nilimfahamisha mtoto kwamba swali lake limepokelewa, limeandikishwa kwa Namba 1 ya mwaka huu, na kwamba kisheria ofisi ina siku thelathini za kumjibu mwananchi kwa maandishi.

Leo ni siku ya ishirini na tisa. Kamati inakaa tangu asubuhi, na bado hatujaafikiana neno la kwanza.